Karatasi Zilizonusurika: Mwongozo wa Kukusanya Kumbukumbu za Jukwaa na Sinema za Wamarekani Weusi

Mwaka 1919 Oscar Micheaux, ambaye baba yake alizaliwa utumwani Kentucky, alionyesha mjini Chicago filamu yake ya kwanza, The Homesteader. Inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Mmarekani Mweusi. Leo hakuna anayeweza kuitazama, kwa sababu hakuna nakala iliyobaki popote panapojulikana. Tunaijua kwa matangazo ya magazetini na karatasi nyingine za wakati ule.

Haikupotea peke yake. Inakadiriwa kuwa filamu zipatazo 500 zilitengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi wa Marekani kuanzia miaka ya 1910 hadi mwisho wa miaka ya 1940, enzi ambazo watu hao walikalishwa roshani ya juu au kunyimwa tiketi kabisa. Zilizonusurika hazifiki 100. Kwa nyingi zilizopotea, sura ya mwigizaji, jina la mwongozaji na kisa chenyewe vimo katika bango, kadi, kipeperushi au programu tu. Anayekusanya vitu hivi anatunza ushahidi, na nimeandika mwongozo huu kwa kufikiria hivyo.

Mimi niliingia bila kukusudia. Nilikuwa upande wa kusini wa Chicago, katika nyumba ya bibi mmoja aliyefariki, jamaa zake wakiuza vyombo. Nikanunua kitabu cha nyimbo za kanisa kwa dola mbili. Nilipofika kwangu nikakuta ndani yake programu ya tamthilia iliyokunjwa mara moja, majina matatu ya waigizaji yamepigiwa mstari kwa penseli. Baada ya majuma mawili nilirudi kuuliza majina yale ni ya nani. Nyumba ilikwishauzwa na jamaa wametawanyika. Karatasi ninayo hadi leo, habari yake sina. Mengi ninayoyasisitiza hapa chini yametokana na kosa hilo.

Hatua ya kwanza: chagua kona yako

Anayenunua kila kitu huishia na sanduku la vitu visivyojuana. Chagua kona moja, uijue hadi uweze kuisimulia bila kutazama karatasi.

Kona ya jukwaa la zamani ni pana. Ira Aldridge, aliyezaliwa New York mwaka 1807, alikosa nafasi kwao, akaenda kuigiza Shakespeare Ulaya hadi alipofariki Łódź, Poland, mwaka 1867. Mabango ya maonyesho yake ni ghali na aghalabu yako Ulaya. Aliye na mfuko wa kawaida aanze na karatasi za muziki, yaani nota za nyimbo zilizouzwa madukani ili watu wapige kinanda nyumbani. Tamthilia ya nyimbo In Dahomey ya Bert Williams na George Walker iliingia Broadway, yaani kumbi kubwa za tamthilia za New York, mwaka 1903, na mwaka huo huo ikavuka bahari hadi London. Shuffle Along ya Noble Sissle na Eubie Blake ilifunguliwa mwaka 1921. Nota za nyimbo zake zilichapwa kwa wingi, majalada yake ni mazuri, na hadi leo hupatikana kwa bei ya mtu wa kawaida.

Kona ya pili ni sinema za Weusi za 1915 hadi 1950: kampuni ya Lincoln ya ndugu wawili Noble na George Johnson, iliyoanzishwa 1916, kazi za Micheaux, filamu za kampuni ya Norman ya Jacksonville, Florida, filamu za kanisani za Spencer Williams, na zile za wachunga ng'ombe za Herb Jeffries. Hapo ndipo penye utajiri wa habari, na ndipo penye bei kali na bandia nyingi. Mabango ya Hollywood yenye waigizaji Weusi watupu, kama Stormy Weather na Cabin in the Sky, zote za 1943, na Carmen Jones ya 1954, hupatikana kwa urahisi zaidi. Ya miaka ya 1970 ni rahisi kupita hayo yote.

Msomaji wa Kiswahili ana kona ambayo wengine hawaioni. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani Mweusi, alijifunza Kiswahili London katika miaka ya 1930. Katika filamu ya Uingereza ya 1935, Sanders of the River, ambayo Robeson mwenyewe baadaye aliijutia kwa jinsi ilivyousifu ukoloni, Jomo Kenyatta alikuwa miongoni mwa waigizaji wa kundi. Kwa hiyo picha za matangazo za filamu hiyo zitazame sura moja moja. Mwaka 1957 Sidney Poitier aliigiza katika Something of Value, filamu ya MGM kuhusu Mau Mau, na sehemu yake ilipigwa Kenya. Mwaka 1959 Poitier, mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walitia majina yao kwenye barua ya kuchangisha fedha ili wanafunzi wa mpango wa Tom Mboya wapande ndege kwenda kusoma Marekani. Barua ile ni karatasi ya siasa, lakini katika mkusanyo wangu ningeiweka kando ya programu za tamthilia aliyocheza Poitier mwaka ule ule.

Kama fedha ni haba, anza na stempu. Mwaka 2008 Posta ya Marekani ilitoa stempu tano za senti 42 zenye mabango ya zamani ya sinema za Weusi, mwaka 2010 ikatoa ya Micheaux, na kabla ya hapo Robeson mwaka 2004 na Hattie McDaniel mwaka 2006. Ukiwa nazo utalijua umbo la mabango kabla hujamwaga fedha.

Hatua ya pili: zijue karatasi kwa vipimo

Beba futi ya kupimia. Bango la kawaida la Marekani, ambalo wauzaji huliandika "one sheet", lilikuwa inchi 27 kwa 41. La miaka ya karibuni ni 27 kwa 40. Bango la karatasi ngumu la kulala ni 22 kwa 28, na jembamba la kusimama ni 14 kwa 36. Kadi ya dirishani ni 14 kwa 22, nayo huachwa wazi juu ili mwenye ukumbi achape jina la ukumbi wake na siku ya onyesho.

Wengi hudharau kadi ya dirishani yenye maandishi hayo juu wakiona imechafuliwa. Mimi huitafuta hiyo hiyo. Jina la ukumbi linakuambia filamu ilifika mji gani, siku gani, kwa watu gani. Kadi tupu haina habari hiyo.

Kadi za ukumbini ni inchi 11 kwa 14, kwa kawaida nane kwa seti, moja ikiwa na jina la filamu na nyingine zikiwa na picha za matukio. Kwa filamu iliyopotea, kadi hizo zinakuonyesha jinsi waigizaji walivyovaa na walivyosimama. Kuna pia picha za inchi 8 kwa 10, vipeperushi vya kugawa mtaani, na kitabu cha matangazo ambacho kampuni ilimpelekea mwenye ukumbi, chenye kisa cha filamu, orodha ya waigizaji na mifano ya matangazo ya gazeti. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya bango zuri na kitabu cha matangazo cha filamu isiyokuwapo tena, chukua kitabu.

Programu za tamthilia zina njia yake ya kuzisoma. Chukua A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, iliyofunguliwa Broadway tarehe 11 Machi 1959 katika ukumbi wa Ethel Barrymore, Poitier akiwa mbele. Baadaye mwaka huo Ossie Davis alishika nafasi yake, na mwezi Oktoba onyesho likahamia ukumbi wa Belasco. Programu yenye majina ya Barrymore na Poitier basi ni ya miezi ya mwanzo, na yenye Belasco ni ya baadaye. Muuzaji akikuambia "ya usiku wa ufunguzi" huku karatasi inasema Belasco, rudisha mezani. Programu nyingi za miaka ya 1940 na 1950 pia zilichapwa juma la onyesho kwa ndani, kwa hiyo fungua kurasa kabla ya kufungua pochi.

Hatua ya tatu: zoesha jicho kabla ya mkono

Tumia miezi mitatu bila kununua. Maktaba ya Bunge la Marekani, kituo cha nyaraka cha Schomburg kilichopo Harlem, New York, na jumba la makumbusho la Wamarekani Weusi la Washington wameweka picha nyingi kwenye intaneti bila malipo. Karatasi za George Johnson wa Lincoln ziko Chuo Kikuu cha California, Los Angeles; za Norman ziko maktaba ya Lilly, Chuo Kikuu cha Indiana. Angalia bango halisi mara hamsini, na siku utakapokutana na bandia jicho litakataa kabla hujajua sababu.

Fuatilia pia minada iliyokwisha. Nyumba ya Swann ya New York kwa miaka mingi imekuwa na minada ya karatasi za historia ya Weusi, na Heritage ya Dallas huuza mabango ya sinema. Soma bei iliyolipwa, kwa maana bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu. Kumbuka mnada huongeza ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotangazwa mnadani, kisha usafirishaji, kisha ushuru wa forodha kama kitu kinakuja Afrika Mashariki. Piga hesabu yote kabla ya kuinua mkono.

Hatua ya nne: nunua palipo na wenyewe

Minada mikubwa ina vitu vizuri, lakini mahali ninapopapenda ni kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, maduka ya vitu vya kale ya miji midogo, na makanisa yanayosafisha stoo. Tamthilia nyingi za Wamarekani Weusi hazikuiona Broadway kamwe. Zilichezwa makanisani, shuleni, katika vyuo vya Weusi na katika kumbi za mitaa. Programu zake hazina jina kubwa hata moja, na kwa sababu hiyo zinatupwa kila siku. Mimi sizipiti.

Ukiwa mbele ya mwenye kitu, zungumza naye kwa heshima na umpe bei ya haki. Mzee asiyejua thamani ya karatasi aliyoshika usimdanganye. Mwambie unachokijua. Mara kadhaa nimelipa zaidi ya nilivyoombwa, na watu hao hao wakanipigia simu baadaye: "Mwanangu, tumepata sanduku jingine."

Na uliza hapo hapo. Kitu hiki kilikuwa cha nani? Alikipata wapi? Alikuwa mtazamaji, mwigizaji, mkata tiketi? Majina yaliyoandikwa pembeni ni ya nani? Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Usiseme utarudi kesho.

Hatua ya tano: mtambue bandia

Mabango ya Norman, hasa The Flying Ace ya 1926 na The Bull-Dogger ya 1922 yenye picha ya Bill Pickett, yamechapwa upya mara nyingi mno. Ni mazuri ukutani, na anayeuza nakala akisema ni nakala hana kosa. Kosa ni kukwaruza kingo, kuloweka chai na kuliita la kale.

Pima kwanza. Inchi 24 kwa 36 au 11 kwa 17 ni vipimo vya mashine za leo. Kisha chukua lenzi ya sonara, uangalie rangi. Mabango ya kuchorwa ya miaka ya 1920 yalichapwa kwa mawe, na rangi yake huonekana kama chaki iliyosuguliwa, chembe zisizo na mpangilio. Ukiona vitone vilivyojipanga safu safu, na hata mistari ya herufi imejengwa kwa vitone, hiyo ni picha ya bango iliyopigwa na kuchapwa tena. Tahadhari: karatasi za miaka ya 1940 na kuendelea zinaweza kuwa na vitone kihalali, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi kwa hizo.

Zima taa, uwashe taa ya UV, ile ile wanayokagulia noti. Karatasi iliyotengenezwa baada ya takriban 1950 mara nyingi ina dawa ya kung'arisha, nayo huwaka samawati kali. Bango la 1922 likiwaka hivyo, shika njia yako.

Angalia mikunjo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabango yalipelekwa kwenye kumbi yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo mikunjo ni jambo la kawaida, na bango la karatasi nyepesi la 1943 ambalo halijawahi kukunjwa linahitaji maelezo. Tangu 1940 shirika la National Screen Service lilisambaza mabango ya kampuni kubwa na kuyatia namba chini. Lakini sinema nyingi za Weusi zilipita njia za mawakala wadogo, na mabango yake hayakupata namba hiyo. Nimewahi kuona mtu akikataa kadi halisi kwa kukosa namba. Ilinisikitisha, kwa kuwa alikuwa amejifunza nusu ya somo.

Tofautisha pia bandia na toleo la pili. The Duke Is Tops ya 1938 ilikuwa sinema ya kwanza ya Lena Horne. Hollywood ilipomfanya nyota, wakaitoa tena kwa jina la The Bronze Venus, jina lake likakuzwa juu. Bango la toleo la pili ni halali na lina kisa chake, ila haliwezi kuuzwa kwa bei ya 1938.

Kuhusu saini, kuna kipimo rahisi kinachookoa fedha nyingi. Kalamu ya bolpeni ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1945. Bert Williams alifariki 1922, na mwimbaji wa jukwaani Florence Mills 1927. Saini zao za bolpeni haziwezekani. Kalamu za wino mzito wa maka zilikuja baadaye zaidi. Zilizobaki linganisha na saini za tarehe inayojulikana, ukikumbuka kuwa makatibu wa nyota walisaini picha kwa niaba yao. Daftari la saini la shabiki, lenye majina ya kundi zima la usiku mmoja, nina imani nalo kuliko picha moja inayong'aa.

Kuhusu vitu vya kudhalilisha

Utakutana navyo: majalada ya nota yenye midomo iliyochorwa mikubwa, mabango ya wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwaigiza Weusi. Bert Williams mwenyewe, mtu mwenye kipaji kilichotambuliwa pande zote mbili, alilazimika kujipaka masizi jukwaani. Historia yake haiwezi kuandikwa bila karatasi hizo, nami ninazo chache. Zimo kwenye folda ya peke yake, kila moja na maelezo yake, wala sizitundiki ukutani ambapo mtoto atazikuta bila mtu wa kumweleza. Nakala mpya za vitu hivyo, zinazochapwa leo kwa ajili ya kuuzwa tu, sinunui hata kwa senti.

Hatua ya sita: andika

Kipe kila kitu namba, kwa penseli laini, nyuma na pembeni. Katika daftari au kwenye kompyuta andika namba hiyo, kipimo, hali, tarehe na mahali uliponunua, bei, aliyekuwa nacho, na maneno aliyokuambia kama alivyoyasema. Piga picha mbele na nyuma. Hifadhi risiti na hata bahasha.

Kama unadhani hayo ni ya watu wadogo, fikiria tuzo ya Oscar ya Hattie McDaniel, ya kwanza kwa Mtu Mweusi, aliyokabidhiwa mwaka 1940. Aliiusia Chuo Kikuu cha Howard. Ikapotea. Mwaka 2023 chuo kikapewa mbadala, na ile yenyewe haijaonekana.

Hatua ya saba: tunza

Usipige lamineti. Tafadhali. Joto na gundi vya lamineti haviondoki tena, na karatasi iliyopita humo imekwisha. Usitumie selotepu, usikate kingo zilizochakaa ili zilingane, usibandike kwenye ubao. Bango lililopasuka mpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi anayetumia karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga, kwa kuwa kazi hiyo inaweza kubanduliwa siku za mbele.

Weka karatasi bapa, ndani ya mifuko ya poliesta au folda zisizo na asidi, kamwe si plastiki laini ya PVC. Nyuzi chini ya 21 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50 ndio wanaoutaka wahifadhi. Aliye Mombasa, Zanzibar au Dar hawezi kuufikia bila kiyoyozi, basi afanye linalowezekana: chumba cha ndani, mbali na ukuta wa nje, juu ya rafu ya chuma na si sakafuni, asiweke vidonge vya nondo ndani ya sanduku, na akague kila mwezi kama kuna mchwa au mende. Ukutani tundika nakala nzuri, na asili ilale gizani.

Ukikuta mkebe wenye filamu yenyewe, simama. Filamu nyingi za milimita 35 za kabla ya 1951 ni za naitreti. Huwaka haraka, na moto wake hauzimwi kwa maji kwa kuwa unajitengenezea oksijeni. Usiiprojekti, usiifungie kwenye buti la gari juani, usiiweke ndani unamolala. Wapigie simu wahifadhi wa filamu wa maktaba kubwa. Mwaka 1983 mikebe ya sinema za Weusi iliyodhaniwa kutoweka ilikutwa katika ghala la Tyler, Texas, ikapelekwa Chuo Kikuu cha Southern Methodist cha Dallas. Within Our Gates ya Micheaux, ya 1920, ilipatikana Hispania ikiwa na jina la Kihispania. Mkebe mchafu unaweza kuwa kitu hicho.

Kumbuka kwamba kumiliki bango hakukupi haki ya kulichapa na kuliuza. Yaliyochapishwa Marekani miaka 96 au zaidi iliyopita hayana tena ulinzi wa hakimiliki huko. Ya baadaye uliza kwanza.

Hatua ya nane: panga mwisho wake mapema

Arturo Schomburg, mtu wa Puerto Rico aliyefanya kazi benki, alikusanya vitabu na karatasi za Weusi kwa mshahara wake. Mwaka 1926 mkusanyo wake ulinunuliwa kwa dola 10,000 kwa ajili ya maktaba ya New York, na leo kituo hicho kina jina lake. Mayme Clayton, mkutubi wa Los Angeles aliyefariki 2006, alijaza gereji ya nyumbani kwake kwa miongo kadhaa, mabango na filamu zikiwamo.

Waandikie walinzi wa nyaraka ungali hai. Watumie orodha na picha, usiwatumie vitu kabla hawajavikubali, na uulize kama wana nafasi na fedha za kuvitunza. Nakala ya orodha mpe ndugu mmoja anayejua sanduku liko wapi na nani wa kumpigia simu. Programu yangu ya dola mbili imo kwenye orodha hiyo kwa namba 1. Mbele ya yale majina matatu nimeacha nafasi tupu, pamoja na anwani ya kanisa iliyopigwa mhuri ndani ya kitabu cha nyimbo. Mwezi ujao nina miadi na mama mmoja wa kanisa hilo, mwenye umri wa miaka 91.